Kiangazi, Mvua na Moto wa Nyika: Kutoka Vilima vya Isingiro hadi Rwenzori

Ukifungua kamusi utaambiwa kwamba kiangazi ni majira ya jua na ukavu. Maana hiyo ni sahihi, ila haikwambii ni miezi ipi. Kwa mkazi wa pwani ya Kenya au Tanzania, kiangazi ni miezi ya joto ya mwanzo wa mwaka, kaskazi inapovuma. Juni hadi Agosti kwake ni kipupwe, majira ya ubaridi na upepo wa kusi. Kwetu Mbarara, kusini kidogo mwa ikweta, mambo ni mengine. Mvua hunyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa mwaka, na ukavu mkubwa huangukia Juni, Julai na Agosti. Wanyankole huuita ekyanda. Kwa hiyo mwanafunzi wa Nakivale aandikapo insha juu ya kiangazi cha Julai hakosei, hata kama msahihishaji aliyekulia Mombasa atamkunjia uso.

Nimeanza na neno hili kwa sababu historia ya moto katika nchi hii ni historia ya majira. Simama Ruti mwishoni mwa Julai, utazame upande wa Isingiro. Mchana utaona moshi juu ya vilima. Usiku utaona mistari myekundu ikipanda mteremko. Wapita njia husema: jua limekuwa kali, nyasi zimewaka. Lakini jua haliwashi nyasi. Jua huzikausha, upepo huzipepea, na radi ni chache katika miezi isiyo na mvua. Anayewasha, mara nyingi mno, ni mtu, naye ana sababu yake.

Sababu ya kwanza ni ng'ombe. Wafugaji wa Ankole, wenye ng'ombe wa pembe ndefu, walichoma nyasi zilizozeeka ili mvua za kwanza zikishuka malisho mapya yachipue. Moto uliua kupe, ukazuia vichaka visimeze mbuga. Haukuwa uharibifu, ulikuwa kazi, kama kupalilia kulivyo kazi kwa mkulima.

Kazi hiyo ilivurugika katika miaka ya 1890. Sotoka, yaani ugonjwa wa virusi uliokuja kutoka pembe ya Afrika, ilifyeka mifugo ya Afrika Mashariki, na mahali pengine ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Fikiri maana yake kwa ardhi, si kwa watu tu. Palipokosekana ng'ombe wa kula nyasi na mfugaji wa kuzichoma kwa wakati wake, vichaka vilisonga mbele. Vichaka vilileta ndorobo, na ndorobo wakaleta nagana kwa ng'ombe waliobaki. Nchi iliyokuwa malisho ikageuka pori ambalo mfugaji aliliogopa. Serikali ilijibu kwa nguvu: katika miaka ya 1950 na 1960 vichaka vya Ankole mashariki vilifyekwa na wanyamapori wakapigwa risasi kwa wingi ili ndorobo wakose pa kujificha na damu ya kunywa.

Ni katika nchi hiyo yenye watu wachache, ambayo ndorobo walikuwa wameifanya isikalike, ndipo makazi ya Nakivale yalipoanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Yalitangazwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, zaidi ya laki moja. Wengi wao hawakurithi maarifa ya ekyanda. Mtu aliyelima Kivu, ambako mvua ni nyingi kuliko hapa, anajikuta katika vilima ambavyo Agosti huwa na rangi ya karatasi kuukuu. Naye pia huchoma, ila si kwa ajili ya ng'ombe: husafisha shamba kabla ya mvua za Septemba ili apande maharage na mahindi. Hapo ndipo mfugaji na mkulima wanapokutana kwa hasira, kwa kuwa moto wa mmoja hula malisho ya mwingine.

Mwaka 1974 Uganda ilipata sheria inayokataza kuchoma nyasi bila idhini. Sheria ingali vitabuni. Moshi nao ungali vilimani. Sisemi hivyo kwa kejeli. Sheria inayomwambia mtu asichome, bila kujibu swali la kupe, la vichaka na la shamba la Septemba, humfundisha kuchoma usiku na kukimbia. Moto uliowashwa na mtu anayekimbia hauna msimamizi.

Liko jambo ambalo wanasayansi wa misitu wamelijua muda mrefu: tarehe ya moto ina uzito kuliko moto wenyewe. Karibu na Ndola, nchini Zambia, majaribio yalianzishwa mwaka 1933 na kuendelea kwa miongo kadhaa. Viwanja vingine vilichomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine vilichomwa mwishoni mwa ukavu. Vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Vilivyochomwa mwishoni, kwa moto mkali, viliishia kuwa nyasi na visiki. Mfugaji mzee wa Ankole asingelishangazwa sana na matokeo hayo.

Sasa tuje kwenye utabiri, maana siku hizi wengi wenu mnaupokea kwenye simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda hutoa mwelekeo wa msimu wa Juni hadi Agosti. Kituo cha IGAD cha utabiri wa tabianchi, ICPAC, hutoa wake kwa ukanda mzima; mizizi yake ni kituo cha kufuatilia ukame kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1989. Taarifa hizi husomwa vibaya kila mwaka. Ukiambiwa kwamba uwezekano wa mvua kuwa chini ya kawaida ni asilimia 45, hujaambiwa kwamba mvua itapungua. Umeambiwa kwamba, kati ya hali tatu, yaani juu ya kawaida, kawaida na chini ya kawaida, hiyo ya mwisho imezidi nyingine kidogo. Tena, Isingiro mwezi Julai kawaida yenyewe ni karibu na ukavu mtupu. Chini ya kawaida hapo si tofauti kubwa machoni mwa mpita njia.

Kosa kubwa zaidi ni kutazama mbele tu. Moto katika vilima vikavu hutegemea nyasi zilizoota, na nyasi ziliota kwa mvua iliyokwisha kunyesha. Msimu mzuri wa Machi hadi Mei, ule tunaoushukuru, huacha nyasi ndefu na nzito. Ekyanda ikija, hizo ndizo kuni. Mwaka wa ukame mkali, kama ule wa 2016 uliokausha migomba ya Isingiro na kuwaacha watu wakisubiri chakula cha msaada, ng'ombe hula hata mashina, na moto hukosa cha kula. Kwa hiyo katika vilima hivi, ukitaka kujua hatari ya Agosti, kumbuka Aprili.

Lakini usiibebe kanuni hii hadi Rwenzori. Safari ni fupi kuelekea kaskazini-magharibi, nayo hali inapinduka. Mlima ule, wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109, umelowa mwaka mzima. Mimea haikosekani kamwe, ila imejaa maji, haishiki moto. Kinachokosekana kule ni ukavu. Mwaka 2012 ukavu ulipatikana, na moto ukawaka juu sana, katika ukanda wa vichaka na majani ya baridi. Watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichimbua tope la ziwa Kopello lililoko katika ukanda huo na kutafuta chembe za mkaa zilizozama humo zamani. Katika kumbukumbu ya miaka 12,000 hawakuona moto mwingine kama ule. Katika ziwa Mahoma, lililo chini zaidi, mkaa ulianza kuongezeka takribani miaka 2,000 iliyopita, na wao wanauhusisha na shughuli za binadamu. Kilimanjaro nayo, Oktoba 2020, iliungua kwa siku nyingi huku mamia ya watu wakipanda kuuzima moto.

Basi utabiri mmoja wa msimu mkavu una maana mbili. Kwa Rwenzori ni tahadhari moja kwa moja. Kwa Nakivale ni nusu ya habari, na nusu nyingine iko chini ya miguu yako: nyasi zina urefu gani nyuma ya nyumba, zimekauka kiasi gani, na kati yake na hema la plastiki la jirani kuna hatua ngapi za udongo mtupu. Ukanda wa udongo hulimwa kwa jembe mwezi Juni, ardhi ikiwa bado laini kidogo. Kufikia Agosti jembe hudunda.