Mbio Zitamlisha Nani?

Mzazi mwenye shamba hupima kila kazi kwa kipimo kimoja: je, itamlisha mwanangu? Kipimo hicho ni cha haki. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kazi zenye kulisha huonekana kwa macho. Ngara ina vilima vya migomba na kahawa vinavyotazamana na Rwanda na Burundi. Biharamulo ina mifugo, mihogo na dhahabu. Barabara ya malori itokayo Nyakanazi kwenda Rusumo huwapa wengine riziki ya uchukuzi na biashara. Kijana akichagua mojawapo ya kazi hizo hapana amshangaaye. Akisema amechagua mbio, huulizwa: mbio zitamlisha nani? Jibu la swali hilo yafaa litafutwe katika historia, na katika historia ya Tanzania hakuna maisha yanayolijibu vizuri kuliko maisha ya Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, katika nchi ya juu ambayo kimo chake hakipishani sana na kimo cha vilima vya Ngara. Alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika iliyofanywa Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mbio za meta 1,500. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikimbia masafa hayo kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani iliyodumu tangu 1967. Namna alivyoivunja ilistaajabisha kuliko rekodi yenyewe. Desturi ya wakimbiaji ilikuwa kuviziana, kila mmoja akihifadhi nguvu zake kwa mzunguko wa mwisho. Bayi alitangulia tangu mwanzo, akawaachia wengine kazi ya kumfukuza. John Walker wa New Zealand alimkaribia akiwa wa pili, naye pia alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Muda ule wa Bayi ulidumu kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hata mwaka 2022, yaani miaka 48.

Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi aliongeza rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Walker aliivunja katika mwaka uo huo, na dunia ikangoja wawili hao wakutane katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya ragbi ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, zikasusia michezo hiyo. Walker alipata dhahabu bila ya kushindana na Bayi. Heshima ya Afrika ilikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa na kijana wa miaka 23. Miaka minne baadaye, Moscow, alishindana katika meta 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza sehemu kubwa ya mbio, akapitwa mwishoni na Bronisław Malinowski wa Poland, akapata nishani ya fedha.

Hapa mzazi wa Biharamulo ana haki ya kuuliza: na mkate je? Enzi hizo kanuni za riadha zilimtaka mkimbiaji awe wa ridhaa. Kulipwa kwa ajili ya kukimbia lilikuwa kosa. Kanuni hizo zilianza kulegezwa mwaka 1982, wakati ambapo miaka bora ya Bayi ilikuwa imekwisha kupita. Linganisha na Marekani. Mwaka ule ule wa 1976, Ed Headrick alianzisha chama cha wachezaji wa kulipwa wa mchezo wa kurusha visahani vya plastiki kwenye vikapu vya minyororo. Mchezo ule haukuwa na sifa hata robo ya sifa za mbio za Olimpiki, lakini tangu mwanzo ulikubali kwamba mtu aweza kushindana, kufundisha na kuuza vifaa, na kula kwa jasho hilo. Mkimbiaji hodari kuliko wote duniani alinyimwa ruhusa hiyo.

Kwa hiyo Bayi alilazimika kujenga maisha mengine juu ya jina lake. Mwaka 2002 alishika ukatibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, akautumikia kwa miaka mingi. Mwaka 2003 ulianzishwa mfuko wenye jina lake wa kuwasaidia vijana. Yeye na mkewe walianzisha shule, Kimara katika Dar es Salaam na Mkuza katika Kibaha. Shule ni biashara, maana ina ada, mishahara na madeni. Tena ni mafundisho. Mwenzake Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika kanda hii ya Ziwa, alipata nishani ya fedha ya meta 5,000 huko Moscow, akasoma chuo kikuu cha Texas, El Paso, akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988, kisha akawa kocha.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ni kweli, na kila mkimbiaji ana ukingo wake. Wengi hufika huko bila ya nishani yo yote. Waliofika salama ni wale waliokuwa na ngazi ya kuteremkia: elimu, kazi ya kufundisha, au mali iliyoanza kidogo kidogo. Basi mzazi wa Ngara ambaye mwanawe amechaguliwa katika UMITASHUMTA asimnyang'anye viatu. Wala asimwache ayatupe madaftari. Mbio za Christchurch zilikwisha kwa muda usiotimia dakika nne. Shule iliyojengwa kwa jina la mbio hizo hulisha walimu, na watoto wasiojua kukimbia husoma humo.