Vazi la Kifua na Maumivu Yasiyoonekana

Msomaji mpenzi, huenda umepata kusikia habari za ugonjwa uitwao mkanda wa jeshi. Jina hilo halikutungwa bure. Ugonjwa huo hushika upande mmoja wa kiwiliwili, ukazunguka kutoka mgongoni hata kifuani mfano wa mshipi wa askari. Chanzo chake ni virusi vilevile viletavyo tetekuwanga. Mtoto akiisha kupona tetekuwanga, virusi havitoki mwilini. Hujificha katika mishipa ya fahamu, na baada ya miaka mingi huweza kuamka tena. Malengelenge hutokea, hukauka, na ngozi hurudi kuwa nzima. Lakini kwa watu wengine maumivu hubaki miezi, pengine miaka. Hapo hata kitambaa laini kikigusa ngozi, mgonjwa huona kana kwamba amepakwa pilipili.

Wala huo si ugonjwa wa pekee uletao taabu hiyo. Wako wanaovimba gegedu, pale mbavu zinaposhikamana na mfupa wa kifua. Wako waliopasuliwa titi, na wako walioungua. Kila mwanamke miongoni mwao hukutana asubuhi na swali moja: nivae nini kifuani? Swali hilo laonekana dogo, tena la aibu, lisilostahili kuandikwa kitabuni. Mimi nasema lastahili, kwa kuwa lina historia yake, na historia hiyo imepita Kisii na Nyamira kama ilivyopita Paris na New York.

Hapo kale wanawake wa Abagusii walivaa ngozi za wanyama zilizolainishwa. Mwanamke aliyeolewa alijulikana kwa ebitinge, pete za chuma alizovaa miguuni. Pete hizo zilikuwa nzito, lakini kiwiliwili hakikufungwa kwa kitu cha kukibana. Kisha mambo yakabadilika upesi. Waingereza walijenga boma lao Kisii mwaka 1907. Wamisionari wa Kikatoliki wakafungua kituo Nyabururu, na Waadventista wakafungua chao Nyanchwa, yote hayo kabla ya vita kuu ya 1914. Aliyekwenda misheni kusoma alivaa nguo ya kitambaa, na nguo ikawa alama ya upande aliouchagua mtu. Mwaka 1913 Onyango Dunde, mtu wa Alego, alianza dini ya Mumbo, ambayo ilienea hata Gusii. Dini hiyo iliwataka wafuasi wake wayaache mavazi ya Wazungu na kuvaa ngozi kama wazee wao. Basi waona, msomaji, kwamba vazi halikuwa jambo dogo. Watu walibishana juu yake kama wanavyobishana juu ya utawala.

Lakini usidhani kwamba wanawake wa Ulaya, ambako nguo hizo zilitoka, walikuwa wakistarehe. Kwa muda wa karne kadhaa wengi wao walivaa koseti, vazi gumu lililofungwa kwa kamba toka kifuani hata nyongani. Ugumu wake ulitokana na vipande vilivyokatwa kinywani mwa nyangumi, na baadaye vyuma. Mwili ulilazimishwa kulifuata vazi, badala ya vazi kuufuata mwili. Waganga walilalamika kwamba wanawake hawapumui vizuri, lakini desturi ilikuwa na nguvu kuliko waganga.

Waliolegeza kifungo hicho walikuwa wanawake wenyewe. Mwaka 1889, katika maonyesho makubwa ya Paris, Herminie Cadolle alionyesha koseti aliyoikata vipande viwili, kimoja cha tumbo na kimoja cha kifua, hicho cha juu kikishikwa na kamba za mabegani. Kisha huko New York, Mary Phelps Jacob alichoshwa na vipande vya koseti vilivyochomoza chini ya gauni lake. Akatwaa leso mbili za hariri na utepe, akamwomba mtumishi wake amsaidie kuzishona pamoja. Mnamo Novemba 1914 alipewa hataza ya serikali ya Marekani kwa vazi hilo, na baadaye akaiuza kwa kampuni ya koseti kwa dola 1,500.

Mwaka huohuo wa 1914, miezi miwili kabla ya hapo, vita vilikuwa vimefika Kisii. Askari wa Kijerumani walivuka mpaka wakaingia mjini, na tarehe 12 Septemba wakapigana na askari wa Waingereza. Hospitali kuu ya Kisii ya leo ilianza mwaka 1916 kama mahali pa kuwatibu askari wa vita hivyo. Na vita hivyohivyo viliivunja koseti. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, wakuu wake waliwaomba wanawake waache kununua koseti, kwa kuwa chuma kilihitajiwa kwa silaha. Hivyo vita moja viliacha hospitali Kisii, na ng'ambo vikawaondolea wanawake vyuma kifuani.

Vazi jipya lilipata majina mengi duniani. Sisi twaliita sidiria, neno lenye asili ya Kiarabu, kwa kuwa sadri maana yake ni kifua; wengine huliita kanchiri. Mwaka 1932 kampuni ya S. H. Camp ya Marekani ilianza kupima ukubwa wa matiti kwa herufi, toka A hata D. Angalia jambo hili: kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza mikanda ya kutegemeza miili ya wagonjwa. Kwa hiyo herufi unazoziona leo dukani zilitoka kwa watu waliozoea kuhudumia mwili unaouma.

Hatua nyingine ilikuja mwaka 1977 huko Vermont, Marekani. Lisa Lindahl alipenda kukimbia, lakini kila akikimbia kifua kilimuuma na kamba zilimteleza mabegani. Yeye na wenziwe wawili, Polly Smith na Hinda Miller, walishona pamoja mikanda miwili ya ndani ya wanamichezo wanaume, wakapata sidiria ya kwanza ya michezo: haina waya, nayo hushika bila kukata. Leo wasichana wa Kisii na Nyamira hukimbia wamevaa vazi la namna hiyo. Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii, aliyeshinda mbio za Boston mwaka 2023 na 2024, amekimbia maisha yake yote katika enzi iliyofunguliwa na cherehani ile ya Vermont.

Sasa nenda soko la Daraja Mbili mjini Kisii, au Keroka mpakani mwa Kisii na Nyamira. Utaona marundo ya nguo za mitumba, ambazo zilizidi sana nchini tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990. Humo zimo sidiria zilizoshonwa kwa vipimo vya watu wa mbali, nyingine zenye waya uliokwisha kupinda. Mnunuzi huchagua kwa macho na kwa bei, kwa sababu hakuna pa kujaribia. Mwenye afya hustahimili. Mwenye mbavu zinazouma hurudi nyumbani na kifungo kipya.

Hapa nataka kukukumbusha jambo moja la Abagusii linalojulikana duniani kote na wataalamu wa tiba. Walikuwa na mafundi, ababari, waliopasua fuvu la kichwa cha mtu aliyeumwa na kichwa bila kukoma baada ya kupigwa au kuanguka. Kazi hiyo iliendelea hata katika karne ya 20, ikaandikwa na madaktari waliokuja kuitazama. Ilikuwa kazi ya hatari, wala sikusifii uifuate. Lakini tazama ilianzia wapi. Jeraha la nje mara nyingi lilikuwa limekwisha kupona. Kilichobaki ni neno la mgonjwa: "Naumwa." Na neno hilo liliaminiwa.

Je, leo tunaliamini neno hilo likitoka kwa msichana asemaye kwamba nguo yake ya ndani yamwumiza? Mara nyingi hata halisemi. Kwa desturi ya Abagusii, chinsoni, yaani haya yenye heshima, huwatenga wazazi na watoto wao katika mazungumzo ya mwili. Desturi hiyo ina hekima yake, lakini haikukusudiwa kumziba mgonjwa mdomo. Wazee wenyewe waliacha mlango wazi: nyanya, ambaye kwa Ekegusii huitwa magokoro, huweza kuzungumza na mjukuu mambo ambayo mama hayazungumzi. Basi msichana aliye na maumivu na amwendee nyanya, au shangazi, au mwalimu wa kike. Na maumivu yakidumu, aende hospitali. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Na mficha ugonjwa hapati dawa.

Kuhusu vazi lenyewe, mambo machache yatosha. Jipime kwa futi ya fundi cherehani, chini ya matiti na juu yake, usikisie. Chagua kitambaa cha pamba, mkanda mpana, wala kusiwe na waya. Afadhali vifungo viwe mbele, ili mwenye maumivu asipinde mikono nyuma. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila taabu. Mshono ukikwaruza, igeuze nguo ndani nje, au vaa fulana laini chini yake. Na siku ambazo hata hayo hayavumiliki, kuvaa fulana tupu iliyolegea si kosa. Nawe mvulana usomaye haya, usicheke: huenda siku moja mama yako, dada yako au mkeo akahitaji mtu wa kumwamini.

Cadolle alikata, Jacob akashona, Lindahl akakataa kuzoea maumivu. Hakuna hata mmoja wao aliyengoja apewe ruhusa ya kusema kwamba anaumia. Binti wa Nyamira afungaye vifungo vyake gizani kabla ya kwenda shule, akiuma meno, ana haki ileile. Nguo hushonwa ili imfae mtu. Isipomfaa, inayopaswa kubadilishwa ni nguo.