Askofu Kataliko: Faraja Yenye Meno

Tarehe 12 Februari 2000, wakuu wa waasi wa RCD, waliokuwa wakiitawala Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa msaada wa Rwanda, walimzuia Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko kuishi katika jimbo lake, wakampeleka Butembo. Walikusudia kumnyamazisha. Lakini Butembo ndiko kwao hasa. Walimrudisha kwa watu wa kabila lake, Wanande, katikati ya watu aliowachunga zaidi ya miaka 30.

Kataliko alizaliwa mwaka 1932 katika milima ya Lubero. Mapadri wa shirika la Assomption walikuwa wamefika huko mwaka 1929 tu, kwa hiyo yeye na Kanisa la nyumbani kwao walikua pamoja. Alipata upadri mwaka 1958. Mwaka 1966, akiwa na miaka 34, alipewa jimbo la Beni, ambalo mwaka uliofuata liliitwa Butembo-Beni. Alipokea kiti cha Askofu Henri Piérard, mmisionari, wakati nchi ikijikongoja kutoka kwenye uasi wa Simba.

Wazee wa Butembo wakimtaja, mara nyingi huanzia kwenye kazi kabla ya mahubiri. Miaka ya Rais Mobutu serikali ilizidi kuwa mbali; barabara zikaharibika, shule na zahanati zikabaki mikononi mwa makanisa na wazazi. Kijana wa Lubero aliyemaliza sekondari alilazimika kwenda Kisangani au mbali zaidi kutafuta chuo kikuu, na wengi hawakuwa na uwezo huo. Mwaka 1989 Kataliko akaanzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben hapo hapo Butembo. Chuo hicho kimefundisha madaktari, wanasheria na wataalamu wa kilimo. Kwa maoni yangu, hayo yalikuwa mafundisho yake ya kwanza: kwamba watu waliosahauliwa na serikali hawana ruhusa ya kujisahau wenyewe.

Mwaka 1997 alitumwa Bukavu kushika nafasi ya Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996 vita vilipoingia mjini. Kataliko alijua vizuri kiti hicho kimegharimu nini. Mwaka uliofuata vita vya pili vya Kongo vikaanza.

Mkesha wa Noeli wa 1999 aliwaandikia waamini wake barua, akichukua kichwa chake kutoka kwa nabii Isaya, pale Mungu anapoagiza watu wake wafarijiwe. Nadhani barua hii ingefaa kusomwa katika kila shule ya Kivu. Ndani yake alisema wazi kwamba mataifa ya kigeni, yakisaidiwa na Wakongo wenyewe, yanapigana vita kwa kutumia utajiri wa nchi, huku mwananchi akibaki hana kitu. Hakuishia kwa wageni. Aliwageukia pia watu wake, akasikitika kwamba wamo wanaomtoa ndugu yao kwa noti ya dola 10 au 20. Kanisa nalo alilikumbusha kwamba kumfuata Kristo kunaweza kuwagharimu waamini uhai. Faraja ya namna hiyo haibembelezi mtu alale. Inamwamsha, inamtaka asimame na ajipime kwanza yeye mwenyewe. Ndiyo sababu wenye bunduki waliiogopa.

Miezi saba alizuiliwa Butembo, huku Wakristo wa Bukavu wakisali na kupinga hadharani, wakidai mchungaji wao arudishwe. Alirudi tarehe 14 Septemba 2000, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, akapokewa kwa shangwe kubwa. Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba, alipokuwa Roma kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika, moyo wake ukasimama. Alizikwa Bukavu.

Yale aliyoyapanda hayakuzikwa naye. Kongamano la kimataifa la amani ambalo watu wa Bukavu walitaka kulifanya mjini kwao lilikataliwa na waasi, likahamia Butembo. Kuanzia tarehe 27 Februari hadi 1 Machi 2001, Waitaliano wapatao 300 walisafiri hadi huko wakakaa na wenyeji katika eneo la vita. Waliketi pamoja na Wakongo wa pande mbalimbali wakizungumza hadharani juu ya majeshi ya kigeni, uporaji na haki ya raia kuishi, mambo yale yale ambayo mwaka mmoja tu kabla yalimfanya Kataliko afukuzwe Bukavu.