Linux inapogoma katika tarakilishi kuukuu: Chanzo na tiba

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo huhitaji prosesa ya miaka ya karibuni pamoja na kifaa maalumu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho tarakilishi nyingi za zamani hazina. Kwa mwenye saiba mjini Migori, au mwalimu wa Homa Bay aliye na maabara ya mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, mlango uliobaki wazi ni Linux, ambayo hailipiwi.

Wengi huujaribu mlango huo, mashine ikagoma, nao wakaamua kwamba imekufa. Aghalabu haijafa. Ina kasoro ambayo fundi wa kawaida anaweza kuitambua kwa muda mfupi, mradi ajue pa kuanzia.

Kwanza nakili nyaraka zote kwenye diski ya nje. Kuweka Linux kunaweza kufuta diski nzima, na alama za wanafunzi zikishafutika hakuna amri ya kuzirejesha kwa hakika.

Swali la kwanza ni aina ya prosesa. Zile za biti 32, kama Pentium 4 za awali na Pentium M, hazikubali matoleo mengi ya sasa. Ubuntu iliacha kutoa diski ya kawaida ya mezani ya biti 32 mwaka wa 2017, na Debian 13 iliyotolewa Agosti 9, 2025 haina tena kiwekaji cha mashine hizo. Ukilazimisha, mashine itakuambia kwamba prosesa haifai, au itanyamaza tu. Katika Linux yoyote inayofunguka, andika "lscpu" uone kama biti 64 zimetajwa. Usidanganywe na Windows ya biti 32 uliyoikuta humo, kwani huenda iliwekwa juu ya prosesa ya biti 64. Mashine ambayo kweli ni ya biti 32 inaweza kupewa Debian 12 au antiX, ingawa hata vivinjari vimeanza kuikimbia: Chrome iliiacha kwenye Linux mwaka wa 2016, na Firefox ikafuata kuanzia toleo la 145 mwaka wa 2025.

Kasoro ya pili huwapotezea mafundi siku nzima, nayo ni ndogo kuliko sarafu. Ndani ya tarakilishi mna betri bapa ya volti 3, aina ya CR2032, inayolinda saa wakati mashine imezimwa. Betri hiyo ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi. Linux ikiomba masasisho, huona orodha iliyotiwa sahihi katika siku ambayo kwa saa yake bado haijafika, ikaikataa. Tovuti salama nazo hukataliwa vivyo hivyo. Mtumiaji hulaumu mtandao, hununua bando jingine, na tatizo hubaki palepale. Badilisha betri, rekebisha tarehe, kisha ujaribu tena. Binafsi ningeanza na saa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kiwekaji kikikwama katikati, shuku faili uliyopakua. Diski ya Ubuntu 24.04 hukaribia gigabaiti 6, na ukiipakua kwa mtandao wa simu unaokatikakatika inaweza kufika na dosari. Amri "sha256sum" hutoa msururu wa herufi na tarakimu. Ukitofautiana na ule uliochapishwa na watengenezaji, pakua upya. Faili ikiwa nzima, pima kumbukumbu kwa Memtest86+. Mashine ya gigabaiti 1 au 2 isipewe Ubuntu ya kawaida. Debian yenye mazingira mepesi ya LXQt au Xfce itaifaa zaidi. Skrini ikibaki nyeusi, bonyeza herufi "e" kwenye menyu ya kuwasha, ongeza neno "nomodeset" mwishoni mwa mstari unaoanza na "linux", kisha ubonyeze F10.

Stima ikipotea wakati wa kusasisha, programu hubaki nusunusu. Usikimbilie kufuta kila kitu. Andika "sudo dpkg --configure -a", halafu "sudo apt --fix-broken install". Amri hizi mbili hutosha mara nyingi. Sasisho likilalamika kwamba hakuna nafasi, "df -h" itaonyesha sehemu iliyojaa. Ikiwa ni /boot, tatizo ni viini vya zamani vya Linux vilivyorundikana, na "sudo apt autoremove --purge" huondoa visivyohitajika.

Ujumbe wenye namba 404 ni habari nyingine. Toleo la Ubuntu likizeeka, mafaili yake huhamishiwa old-releases.ubuntu.com, na anwani ya zamani hubaki tupu. Unaweza kubadilisha anwani hiyo katika orodha ya vyanzo, lakini huko hakuna marekebisho mapya ya usalama. Litumie kama daraja la kupandia toleo jipya. Debian nayo hupandishwa hatua kwa hatua: kutoka 11 kwenda 12, ndipo 13.

Gharama ya bando inaweza kupunguzwa. Ukisasisha mashine moja kwa "apt-get", vifurushi hubaki katika /var/cache/apt/archives, ilhali amri fupi ya "apt" huvifuta baada ya kuviweka. Vinakili kwenye flashi, uvipeleke katika folda iyo hiyo ya mashine nyingine za toleo na aina ileile ya prosesa. Maabara ya Mbita au Rongo yenye tarakilishi kumi italipia sehemu kubwa ya upakuaji mara moja tu. Nyingine tisa zitahitaji orodha mpya pekee, pamoja na kifurushi chochote ambacho mashine ya kwanza haikuwa nacho.