Desa (kijiji cha Java)

Desa ni kijiji cha mashambani katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Jina lina asili ya Kisanskrit. Kwa sheria za Indonesia desa ni pia ngazi ya serikali za mitaa, chini ya wilaya ndogo.

Java ina wakazi zaidi ya milioni 150 katika eneo la kilomita mraba 130,000 hivi. Kwa sababu hiyo mashamba ni madogo sana. Familia nyingi za wakulima hulima chini ya nusu hekta, na nyingine hazina shamba kabisa. Ili kuelewa maisha ya desa, haitoshi kuuliza nani anamiliki ardhi. Ni lazima kuuliza pia nani anailima, nani ameiweka rehani na nani ana haki ya kuivuna.

Mpangilio wa kijiji

Desa moja huwa na vitongoji kadhaa, na kila kitongoji hukaa kama kisiwa cha miti katikati ya mashamba ya mpunga. Nyumba za zamani zilijengwa kwa mbao na kuta za mianzi iliyosukwa, zikaezekwa kwa vigae. Siku hizi nyumba nyingi ni za matofali. Umbo la paa lilionyesha cheo: paa refu la joglo, linalobebwa na nguzo nne za katikati, lilikuwa la watu wenye nafasi, na watu wa kawaida walikaa chini ya paa la pande mbili.

Mkuu wa kijiji huchaguliwa kwa kura za wanakijiji. Husaidiwa na katibu (carik) na wakuu wa vitongoji. Katika vijiji vingi yupo pia mtu wa kusimamia mazishi na ndoa za Kiislamu (modin), na msimamizi wa maji ya mifereji (ulu-ulu).

Aina za ardhi

Wanakijiji hutofautisha aina tatu za ardhi. Sawah ni majaruba ya mpunga yanayojazwa maji. Tegalan ni shamba kavu la mahindi, muhogo, soya au karanga. Pekarangan ni kiwanja kinachozunguka nyumba, chenye minazi, migomba, mboga, dawa za miti shamba na banda la kuku au mbuzi. Kiwanja hicho ni muhimu hasa kwa maskini, kwa kuwa kinatoa chakula na fedha kidogo mwaka mzima.

Aina nyingine ni ardhi ya kijiji chenyewe. Sehemu yake inaitwa bengkok: ni mashamba ambayo viongozi hupewa kuyatumia badala ya mshahara, au kama nyongeza yake. Kiongozi akiondoka madarakani, shamba humwendea anayemfuata. Haliwezi kurithiwa na watoto wake.

Urithi na mali ya ndoa

Wajava huhesabu ukoo kwa upande wa baba na wa mama, na wanawake humiliki ardhi kwa majina yao. Mali ambayo kila mmoja alikuja nayo (gawan) hubaki yake. Mali iliyopatikana pamoja katika ndoa (gono-gini) hugawanywa wakiachana.

Katika urithi kuna desturi mbili. Ya kwanza huwapa watoto wote sehemu sawa. Ya pili humpa mwana wa kiume sehemu mbili na binti moja. Inaitwa sepikul segendongan, kwa mfano wa mwanamume abebaye mizigo miwili kwenye mti wa begani na mwanamke abebaye mmoja mgongoni. Mara nyingi wazazi hugawa mali wakiwa bado hai, na mtoto anayebaki kuwatunza hupata nyumba. Matokeo yake ni kwamba shamba la hekta moja likigawiwa watoto wanne, na kila mmoja naye akagawa kwa wanne, wajukuu hupata mita mraba 625 kila mmoja.

Kulima bila kumiliki

Asiye na shamba anaweza kulima la mwenziwe kwa kugawana mavuno: nusu kwa nusu (maro), au mlimaji kuchukua theluthi moja tu (mertelu). Mifugo nayo hugawanwa. Mtu hutunza ng'ombe au mbuzi wa jirani, na wanapozaa hupata sehemu ya ndama au vitoto.

Mwenye shida ya fedha huweka shamba rehani (gadai). Mkopeshaji hulilima na kula mavuno mpaka deni lilipwe lote. Ndiyo sababu familia ingeweza kupoteza shamba kwa miaka mingi bila kuliuza. Sheria namba 56 ya mwaka 1960 iliamuru kwamba shamba la rehani iliyodumu miaka 7 au zaidi lirudishwe kwa mwenyewe bila malipo.

Historia ya haki za ardhi

Kuanzia mwaka 1830 serikali ya kikoloni ya Uholanzi, chini ya gavana Johannes van den Bosch, ilivitaka vijiji kutenga sehemu ya ardhi, kwa kanuni moja ya tano, kwa mazao ya kuuzwa Ulaya kama sukari na nili. Mwaka 1870 ilitangazwa kuwa ardhi ambayo hakuna aliyeweza kuthibitisha umiliki wake ni ya dola. Makampuni yaliruhusiwa kuikodi hadi miaka 75.

Baada ya uhuru, Sheria ya Msingi ya Ardhi ya mwaka 1960 ilifuta utaratibu huo. Sheria nyingine ziliweka kikomo cha ukubwa wa mashamba na kulinda walimaji wa kugawana mavuno. Utekelezaji ulipochelewa, vyama vya wakulima vilivyoshirikiana na chama cha kikomunisti vilianza kutwaa mashamba, na uhasama ukaenea vijijini. Katika mauaji ya miaka 1965-1966 watu wanaokadiriwa kufikia 500,000 au zaidi waliuawa nchini, wengi wao katika Java ya Kati na Java ya Mashariki. Baada ya hapo, kudai ardhi kukawa jambo la hatari kwa miaka mingi.

Mavuno na wasio na ardhi

Zamani mpunga ulivunwa na wanawake kwa kisu kidogo cha kiganjani (ani-ani), suke moja moja, kwa heshima ya Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga. Ilikuwa vigumu kwa mwenye shamba kuwakataa majirani waliokuja kuvuna, na kila mmoja aliondoka na fungu lake (bawon). Kwa familia zisizo na shamba, fungu hilo lilikuwa chakula cha miezi.

Mbegu mpya fupi zilizoletwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ziliongeza mavuno, lakini zilivunwa kwa urahisi zaidi kwa mundu. Wenye mashamba wengi walianza kuuza mpunga ungali shambani kwa mfanyabiashara (tebasan), ambaye alikuja na vibarua wake wachache. Wakati huohuo mashine za kukoboa zilichukua nafasi ya kinu na mchi, kazi iliyowapa wanawake maskini ujira wa mchele. Hivyo mchele uliongezeka kijijini, huku njia za maskini kuupata zikipungua.

Ulinzi na ushirikiano

Majirani husaidiana kujenga nyumba (sambatan), hucheza upatu (arisan) na hualikana kwenye karamu za dua (slametan). Wanaume hulinda usiku kwa zamu. Katika kibanda cha walinzi hutundikwa kigogo chenye uwazi (kentongan), na mapigo yake hutofautiana kwa wizi, moto au kifo.

Hali ya sasa

Vijana wengi huenda kufanya kazi Jakarta, Surabaya, Malaysia au nchi za Ghuba, na fedha wanazotuma hujenga nyumba na kununua mashamba. Zamani uthibitisho wa umiliki ulikuwa daftari la kijiji la kodi ya ardhi. Siku hizi serikali inapima viwanja na kutoa hatimiliki. Hati humlinda mwenye shamba. Haki za anayelima au kuvuna shamba la mwenziwe haziandikwi ndani yake.