Kura ya mwanamke mjini Muscat

Mwaka 1994 wanawake wa mkoa wa Muscat waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushiriki katika uchaguzi wa Baraza la Shura la Oman, chombo cha ushauri kilichoundwa na Sultani Qaboos bin Said mwaka 1991. Wawili kati yao, Shakour al-Ghammari na Taiba al-Mawali, waliingia barazani. Kuwait, ambayo ilipata bunge mwaka 1963, iliwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 2005 tu.

Ruhusa hiyo, hata hivyo, ilikuwa finyu. Waliopiga kura walikuwa mashehe na watu mashuhuri wa kila wilaya, na Sultani ndiye aliyetoa uamuzi wa mwisho kati ya majina yaliyopendekezwa. Wanawake wa mikoa mingine walisubiri hadi mwaka 1997.

Shule kwanza

Mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka, Oman nzima ilikuwa na shule 3 tu za kisasa zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa tofauti: Unguja ilikuwa na shule ya serikali ya wasichana tangu mwaka 1927. Mwaka uliofuata Uingereza, iliyoilinda Zanzibar na kuwa na ushawishi mkubwa Muscat, iliwapa wanawake wake kura sawa na wanaume. Lakini kura hiyo haikuvuka bahari pamoja na bendera.

Mwanya huo wa miaka 43 ndio uliojitokeza baada ya 1970, Sultani alipowaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, wakiwamo walioondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wenye vyeti, wakati nchi haikuwa na walimu, wauguzi wala makarani wa kutosha. Walipata kazi mara moja. Wengi walikijua Kiswahili na Kiingereza kuliko Kiarabu, jambo lililowafanya waonekane wageni katika nchi ya babu zao.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Wanawake wa Zanzibar walipiga kura Januari 1961. Aliyekuwa kwenye foleni siku ile, kisha akahamia Muscat, alikuta nchi isiyo na uchaguzi wa kitaifa kwa yeyote, awe mwanamume au mwanamke.

Vyeo bila kura

Oktoba 2003 kila raia aliyetimiza miaka 21, isipokuwa wanajeshi na polisi, alipewa haki ya kupiga kura. Lujaina Mohsin Darwish na Rahila al-Riyami, waliochaguliwa mwaka 2000, walirudi barazani. Mwaka 2004 Rawya al-Busaidi akawa Waziri wa Elimu ya Juu, mwanamke wa kwanza kuongoza wizara nchini humo. Mwaka 2005 Hunaina al-Mughairy, mwenye asili ya Zanzibar, aliteuliwa kuwa balozi nchini Marekani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kiarabu kushika nafasi hiyo.

Mwaka huohuo wa 2005 Taiba al-Mawali, ambaye hakuwa tena mbunge, alihukumiwa kifungo kwa kosa la kuwakashifu maofisa kupitia simu na intaneti. Rufaa ilikipunguza kifungo kutoka miezi 18 hadi 6. Kiti cha barazani hakikuwa kinga.

Uteuzi ulipokuwa ukiongezeka, sanduku la kura lilikuwa likifunga mlango. Mwaka 2007 wanawake wapatao 20 waligombea, na hakuna aliyeshinda. Mwaka 2011 walijitokeza 77, akashinda mmoja tu, Nima al-Busaidi wa Seeb, ambaye alirudi mwaka 2015. Mwaka 2019 walishinda wawili: Tahira al-Lawati wa Muttrah na Fadhila al-Ruhaili wa Sohar.

Sababu hazijafichika. Vyama vya siasa haviruhusiwi, hakuna viti maalumu kama vile vya Tanzania au Uganda, na kura nyingi hufuata kabila na ukoo, ambako mgombea hukubaliwa katika vikao vya wanaume kabla kampeni haijaanza. Mwanamke msomi mwenye cheo serikalini huenda asiwe na nafasi katika vikao hivyo.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2023 baraza lilikuwa na viti 90. Vyote vilichukuliwa na wanaume.