Kilomita na Vifaa: Historia ya Kuchagua Gari la Fowili Ngara na Biharamulo

Mnunuzi wa gari la fowili lililokwisha kutumika huweka mambo mawili kwenye mizani. La kwanza ni kilomita, yaani umbali ambao gari limekwisha kutembea. La pili ni daraja la vifaa: gari la kawaida lenye viti vya plastiki na vioo vya kuzungusha kwa mkono, au fulu opsheni yenye viti vya ngozi, kiyoyozi na vioo vya umeme. Kwa bei ileile, mara nyingi hupatikana moja na kukosekana jingine: lenye vifaa vingi limetembea sana, na lililotembea kidogo halina kitu. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, uamuzi huo umebadilika mara kadhaa, na kila mara ulibadilishwa na mambo makubwa kuliko gari lenyewe: vita, wakimbizi, sera za biashara na ushuru.

Nchi yenyewe ndiyo iliyofanya fowili ihitajike. Barabara kuu ya lami hutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, ikapita Nyakahura na kufika mpakani Rusumo baada ya kilomita 92. Kutoka Nyakasanza, tawi la kilomita 59 huelekea Kobero, upande wa Burundi. Nje ya lami hiyo, katika kata kama Nyakisasa na vijiji vya milimani, njia nyingi ni za udongo mwekundu. Kiangazi huwa vumbi laini linaloingia kila penye upenyo. Vuli na masika huwa utelezi na makorongo.

Gari la kwanza kuzoeleka katika njia hizo lilikuwa Land Rover, lililozinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958 na la tatu mwaka 1971. Watumiaji wake wakuu Tanganyika walikuwa serikali na misheni. Wakati huo suala la vifaa halikuwa na uzito, kwa kuwa vifaa vyenyewe havikuwapo. Mnunuzi alichagua urefu, inchi 88 au 109 kati ya ekseli mbili, na bodi: pikapu, iliyofungwa, au ya abiria. Bodi ilikuwa ya aluminiamu isiyoshika kutu. Shasi ilikuwa ya chuma, na kutu ilianzia hapo.

Hata umbali haukuwa rahisi kuujua. Mita nyingi za Land Rover zilihesabu maili, na maili 60,000 ni karibu kilomita 97,000. Zaidi ya hayo, mita ya tarakimu tano ikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri na kuanza upya. Mita iliyozunguka mara moja na ile iliyozunguka mara mbili zilionyesha namba zinazofanana. Kwa hiyo fundi hakuitegemea mita. Alilala chini ya gari akagonga shasi kwa nyundo, akasikiliza giaboksi, akatazama mafuta yanayovuja kwenye difu na kuitikisa stelingi apime ulegevu wake. Ukaguzi wa namna hiyo ulizaliwa katika enzi ya mita isiyosema kweli, na hadi leo haujapitwa na wakati.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 swali lilibadilika. Vita ya Kagera ilianza Oktoba 1978, na magari mengi ya watu binafsi na mashirika yalichukuliwa kusaidia jeshi. Baada ya vita, nchi iliishiwa fedha za kigeni, na magari mapya yalipatikana kwa kibali na kwa mgawo kupitia shirika la umma la magari. Katika hali hiyo hakuna aliyeuliza gari limetembea kiasi gani. Kilichoulizwa ni kama spea zake zinapatikana. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na ulifunguka zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi.

Tukio lililobadilisha kabisa mtazamo wa magari Ngara lilikuwa la mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, ikawa kwa muda moja ya makazi makubwa kabisa nchini. Umoja wa Mataifa, Msalaba Mwekundu na mashirika mengi ya misaada yalifika na magari yao, na miongoni mwake Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilionekana kila mahali: hadtopu na pikapu, zile ambazo Watanzania huziita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele.

Mfululizo huo ulianza mwaka 1984, na mwaka 1990 ukapata injini ya 1HZ: dizeli ya lita 4.2, mitungi sita, isiyo na tabo wala kompyuta. Ndani hamkuwa na starehe. Sakafu ilikuwa ya mpira wa kuoshwa kwa maji, vioo vilizungushwa kwa mkono, na magurudumu ya mbele yalifungwa kwa kuzungusha habu. Gari hilo lilifanya kazi kutwa, mwaka baada ya mwaka, na likaendelea kutengenezeka chini ya mti.

Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, na miradi ilipofungwa magari yake yaliuzwa kwa zabuni na minada. Ndipo wanunuzi wa magharibi mwa nchi walipokutana na hoja mpya: kilomita nyingi zenye kumbukumbu. Gari la mradi, lenye namba za DFP au za shirika, lilikuwa na kitabu cha safari. Kila mstari ulikuwa na tarehe, lilikotoka, lilikokwenda, kilomita za kuanzia na za kuishia, mafuta yaliyowekwa na sahihi ya dereva. Gari lililofikisha kilomita 250,000 kwa miaka 8 lilitembea zaidi ya 31,000 kila mwaka. Huo ni mwendo mkubwa, lakini kila badiliko la oili liliandikwa. Mnunuzi alijua anachonunua.

Wakati huohuo bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ikipokea wimbi jingine, magari ya mitumba kutoka Japani. Japani huendesha kushoto kama Tanzania, na ukaguzi wake wa lazima, unaokuja baada ya miaka mitatu ya kwanza na kisha kila miaka miwili, huwasukuma wenye magari kuyauza mapema. Rwanda na Burundi huendesha kulia, na Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Ndiyo maana gari la Kijapani liliishia upande wa Ngara, wala halikuwa na soko rahisi ng'ambo ya Mto Kagera.

Wimbi hili ndilo lililoleta mvuto wa vifaa. Land Cruiser 80 ya miaka ya 1990, na 100 iliyofuata mwaka 1998, zilikuja zikiwa na herufi nyuma, na VX ikawa neno la heshima. Gari hilo likaitwa shangingi, likawa gari la mkubwa. Lakini herufi hizo hazikuhusu viti peke yake. Katika mfululizo wa 80, gari la daraja la chini mara nyingi lilitumia 1HZ na fowili ya kuunganisha kwa mkono. VX ya dizeli ilikuwa na tabo na fowili ya wakati wote. Baadhi ya VX za mfululizo wa 100 zilikuwa na mfumo wa kunyanyua gari kwa mafuta na gesi pamoja na springi za chuma. Kwenye lami mfumo huo ni raha tupu. Ukifa katika kata kama Rulenge au Nyakisasa, gari hulala chini, na spea yake haipo kwenye duka la karibu.

Serikali nayo iliingiza kipimo cha tatu, umri. Kwa kanuni za ushuru za miaka ya karibuni, gari la kutembelea la umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na linalozidi miaka 10 asilimia 30. Injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa asilimia 10 nyingine. Mita ya kilomita haiingii katika hesabu hiyo. Na baada ya gari kusajiliwa, soko la ndani lilijitengenezea alama yake: herufi ya kwanza katika kundi la mwisho la namba. Namba A, B, C na kuendelea humwambia mnunuzi gari limeingia nchini lini, na wengi huiamini kuliko mita, maana kilomita hurudishwa nyuma na namba hairudi.

Kutoka katika historia hii kuna njia ya kupima. Kwanza, kilomita zigawanywe kwa miaka: gari la miaka 12 lenye kilomita 84,000 limetembea 7,000 kwa mwaka, kiasi kinachoaminika kwa Japani iwapo hati ya usafirishaji inasoma hivyo. Pili, namba ya mita ilinganishwe na mwili wa gari. Pedali iliyolika, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea havilingani na kilomita 60,000. Tatu, iulizwe kazi iliyo karibu: injini kama 1HZ huhitaji mkanda wa taimingi kubadilishwa kila kilomita 100,000, hivyo gari lenye kilomita 98,000 lina gharama inayosubiri. Nne, vifaa vitengwe makundi mawili. Difu loki, gia nzito na kiyoyozi kizuri ni vifaa vya kazi na vinastahili kulipiwa. Mfumo wa kunyanyua gari kwa mafuta na gesi, vioo vya umeme kila mlango na paa la kufunguka ni mizigo ya matengenezo mahali ambapo vumbi ni jingi na fundi wa umeme yuko mbali.

Kwa mkulima, mfanyabiashara au shirika la Ngara na Biharamulo, gari la daraja la chini lenye kilomita nyingi zilizoandikwa ni bora kuliko fulu opsheni yenye kilomita chache zisizo na ushahidi. Anayeishi kando ya lami na kusafiri hadi Mwanza anaweza kulipia starehe bila majuto. Anayepanda milima ya Nyakisasa wakati wa masika alipie kwanza shasi, injini na kumbukumbu.